SOMO LA BIASHARA: Faida ya belo imo katika vipande 20

Soko la mitumba la mwisho wa wiki lina wanunuzi wa aina mbili. Wa kwanza ni mwenye nyumba anayetafuta shati la kazini au sweta la mtoto. Wa pili ni mchaguaji. Huyu hufika mapema, hatafuti vazi lake mwenyewe, hupindua kola, husoma lebo, hukagua zipu, kisha hulipa bila kubishana sana na kuondoka na vipande vichache. Katika masoko kama Karume kule Ilala, Dar es Salaam, au Gikomba na Toi jijini Nairobi, mwenye belo humfurahia mteja wa namna hii kwa sababu analipa taslimu. Hata hivyo, hesabu inaonyesha kuwa mara nyingi mwenye belo ndiye anayepoteza.

BELO MOJA, HESABU MBILI

Uchukuliwe mfano wa belo la mashati la kilo 45, uzito ambao ni wa kawaida katika biashara hii. Shati moja likikadiriwa kuwa na gramu 250, belo litatoa vipande 180. Bei zinazofuata ni za mfano tu, kwa shilingi za Tanzania, na kila mfanyabiashara anaweza kuweka za soko lake. Belo limenunuliwa kwa Sh. 540,000 pamoja na usafiri. Maana yake kila shati, zuri na baya, limegharimu wastani wa Sh. 3,000.

Lakini mashati hayo hayalingani. Vipande 20 ni vya daraja la kwanza: kitambaa kizuri, jina linalotafutwa, au vazi la zamani lililotunzwa. Vipande 100 ni vya kati, vya kuvaa kila siku. Vipande 60 ni vya mwisho: vina madoa, kola imelika, au ukubwa wake hauna mnunuzi.

Muuzaji anayezijua bidhaa zake huvitenga vile 20 na kuviuza kwa Sh. 12,000 kimoja, jumla Sh. 240,000. Vya kati huviuza kwa Sh. 4,500, jumla Sh. 450,000. Vya mwisho huvimaliza kwa Sh. 1,000, jumla Sh. 60,000. Mauzo yote ni Sh. 750,000. Akitoa bei ya belo anabaki na Sh. 210,000. Akitoa ushuru wa meza, mbeba mizigo, chakula, sabuni na mkaa wa pasi, ambavyo vinakadiriwa kwa Sh. 60,000, faida ni Sh. 150,000.

Muuzaji wa pili amenunua belo kama hilo hilo kwa bei hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba alipofungua kamba alimwaga nguo zote juu ya turubai na kutangaza bei moja ya asubuhi, Sh. 5,000 kila shati. Mchaguaji akainama, akatoa vile 20 na kulipa Sh. 100,000. Vilivyobaki vikauzwa kwa bei zile zile za mwenzake. Mauzo yake ni Sh. 610,000, na baada ya gharama zote faida ni Sh. 10,000 tu kwa kazi ya wiki mbili au tatu. Akipatwa na siku moja ya mvua, hata hiyo hatakuwa nayo.

Jambo la kuzingatia ni hili: vipande 160 vya kati na vya mwisho haviwezi kurudisha hata fedha za kununulia belo. Vinaleta Sh. 510,000, na belo lilikuwa Sh. 540,000. Faida yote, na sehemu ya mtaji, imo katika vile 20. Mchaguaji aliyevinunua ataviuza kwa Sh. 240,000 au zaidi, naye hakubeba hatari ya belo wala mzigo wa mabaki.

NGUO HUCHAMBULIWA KABLA YA KUFIKA

Neno mtumba maana yake ni furushi, na kwa miaka mingi nguo hizi ziliitwa pia "kafa Ulaya", kwa dhana kuwa mwenye nguo amefariki huko. Nchini Tanzania biashara hii ilipanuka baada ya mwaka 1984, serikali iliporuhusu waagizaji kutumia fedha zao za kigeni kuleta bidhaa. Kwa kweli nguo nyingi hutoka kwa watu walio hai waliozitoa kwa vyama vya hisani, ambavyo huziuza kwa makampuni ya kuchambua.

Mwekezaji mdogo anapaswa kuelewa kazi ya makampuni hayo. Nguo zilizo bora kabisa, pamoja na zile za zamani zinazotafutwa na wakusanyaji, huondolewa kwanza na kuuzwa huko huko Ulaya na Marekani. Zinazobaki hupangwa kwa aina na gredi, hufungwa kwa mashine na kusafirishwa. Kwa hiyo anayeota kuwa kila belo lina hazina anajidanganya. Kinachofika ni kile kilichompita mchambuzi akiwa na haraka mbele ya mkanda wa mashine. Hupita vipande vichache, na ndiyo sababu kila kimoja kina thamani kwa anayekijua.

KUKUU NA KONGWE

Kosa la kawaida ni kudhani kuwa nguo ya zamani ni nguo iliyochakaa, au kwamba kila kilichochakaa ni cha zamani. Nguo kuukuu imepoteza nguvu. Nguo kongwe ina miaka mingi lakini kitambaa, mshono na vifungo bado ni imara. Vijana wa mijini, ambao siku hizi huuza na kununua kwa picha za simu, hulipa vizuri kwa nguo kongwe. Alama zifuatazo humsaidia mfanyabiashara kuitambua.

Jina la nchi. Lebo inayotaja Ujerumani Magharibi imetengenezwa kabla ya Oktoba 1990, nchi mbili za Ujerumani zilipoungana. Inayotaja Umoja wa Kisovieti ni ya kabla ya mwisho wa 1991, na inayotaja Chekoslovakia ni ya kabla ya 1993. Hii ndiyo alama rahisi kuliko zote, na wauzaji wengi huipita bila kuiona.

Maelekezo ya kufua. Kanuni iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1972 ilitaka nguo ziwe na lebo ya kudumu ya maelekezo ya kufua. Mwaka 1997 nchi hiyo iliruhusu alama za picha zitumike bila maneno. Kwa hiyo nguo iliyotengenezwa kwa soko la Marekani yenye picha tupu kwa kawaida si ya kabla ya hapo. Kipimo hiki kisitumiwe kwa nguo za Ulaya, kwani huko picha zilianza mapema zaidi.

Herufi RN. Namba inayofuata herufi hizi ni ya kampuni iliyosajiliwa Marekani. Haionyeshi mwaka wa nguo wala ubora wake, ingawa wapo wanaoitumia kupandishia bei.

Jinzi za Levi's. Hadi mwaka 1971 kitambaa kidogo chekundu cha mfukoni kiliandikwa LEVI'S kwa herufi kubwa zote. Baadaye E ikawa ndogo. Kampuni yenyewe imewahi kutoa upya mitindo ya zamani yenye E kubwa, kwa hiyo alama hii peke yake haitoshi. Mguu wa suruali ukunjwe: jinzi za zamani mara nyingi zina ukingo safi uliofumwa pamoja na kitambaa, si uliokatwa na kushonewa uzi wa kuzuia kufumuka.

Makoti ya mvua ya Burberry. Lebo yenye jina Burberrys, yaani lenye "s" mwishoni, ni ya kabla ya 1999, kampuni ilipobadili jina. Ni alama ya umri, lakini jina hili huigwa sana, hivyo mshono na bitana vichunguzwe kwanza.

Fulana. Hadi katikati ya miaka ya 1990 fulana nyingi za Marekani zilishonwa pindo la mkono kwa mstari mmoja wa uzi. Za baadaye nyingi zina mistari miwili. Fulana ya mstari mmoja yenye picha ya bendi au timu haifai kutupwa kwenye rundo la Sh. 1,000 kabla ya kuuliza bei yake.

Kitambaa. Ngozi halisi kwa kawaida hudumu zaidi ya ngozi ya kuiga. Ngozi ya kuiga ikianza kubanduka haina dawa, na joto la pwani huiharakisha.

RABA ZINAZOVUNJIKA

Viatu vina somo lake. Raba nyingi za zamani zina soli ya povu ambalo huoza lenyewe kwa unyevu wa hewa, hata kama kiatu hakijawahi kuvaliwa. Kwa macho kiatu kinaonekana kipya, lakini mnunuzi akitembea siku moja soli hubomoka kama mkate mkavu. Mfanyabiashara hupoteza fedha na pia mteja. Kabla ya kununua, soli ibonyezwe kwa kidole gumba na kiatu kikunjwe. Ikionyesha nyufa, ikinata au ikitoa unga, kiachwe, hata kikiwa na jina kubwa.

SAA ZA SOKO

Bei ya mitumba hufuata saa. Nairobi, vipande vinavyochaguliwa kwanza belo linapofunguliwa huitwa kamera, na mabaki yanayouzwa kwa bei ya kutupa huitwa fagia. Kati ya saa hizo mbili shati lile lile linaweza kushuka bei mara kadhaa. Mchaguaji hufika saa ya kamera kwa sababu anajua anachotafuta. Asiyejua akifika saa hiyo hulipa bei ya juu kwa kitu cha kati. Saa ya fagia, hasa Jumapili jioni muuzaji anapotaka kufunga mzigo, inamfaa mwenye subira na cherehani nyumbani, anayeweza kubadili kifungo, zipu au pindo.

Kwa mwenye belo, fundisho ni tofauti. Asitangaze bei moja kabla hajatenga. Saa moja ya kupanga nguo nyumbani au stoo, lebo moja baada ya nyingine, katika mfano wa hapo juu ina thamani ya Sh. 140,000.

HATARI ZA KUTAZAMA

Belo hununuliwa likiwa limefungwa, na mnunuzi hawezi kulifungua kwanza. Anayetegemea gredi iliyoandikwa tu anabahatisha. Walio makini hununua kwa muuzaji yule yule wa jumla, huandika alama ya mfungaji iliyo kwenye belo, na huacha alama iliyowatia hasara mara mbili.

Bei ya belo hufuata pia dola na ushuru. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ilipandisha ushuru sana, na mwaka 2018 Marekani ikasitisha nafuu iliyokuwa ikiipa Rwanda kwa nguo zinazouzwa huko. Nchi nyingine zililegeza msimamo. Kenya ilizuia uingizaji wa mitumba mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona na kuuruhusu tena Agosti mwaka huo. Aliyekuwa na mtaji wote ndani ya biashara hii alikaa miezi kadhaa akitazama bei ikipanda bila kuwa na bidhaa.

Moto nao usisahauliwe. Soko la Karume liliungua Januari 2022, na wengi waliokuwa wameacha mali yao vizimbani hawakuokoa kitu. Vipande vya daraja la kwanza ni vyepesi, na mfuko mmoja unatosha kuvirudisha nyumbani kila jioni.

WA KUANZA AANZIE WAPI

Mwenye mtaji mdogo hashauriwi kuanza na belo. Aanze kama mchaguaji, kwa Sh. 50,000 na mwisho wa wiki nne mfululizo. Kila kipande kiandikwe: siku kilipopatikana, bei, alama iliyomfanya akinunue, siku kilipouzwa na kwa kiasi gani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika mitumba hupotea kwa haraka zaidi kwa sababu hakuna vipande viwili vinavyofanana.

Baada ya wiki nne daftari litajibu maswali matatu. Katika kila vipande kumi alivyochagua, vingapi viliuzwa kwa angalau mara mbili ya bei ya kununulia? Vilikaa siku ngapi? Na vile vilivyokwama, alidanganywa na alama gani? Kama vipande sita katika kumi viliuzwa vizuri ndani ya majuma mawili, mtu huyo anaweza kufikiria belo, kwa sababu atakapofungua kamba atavitambua vipande 20 kabla ya mchaguaji hajainama. Kama ni viwili au vitatu tu, fedha za belo zikae benki kwanza, na Jumapili ijayo arudi sokoni na daftari lake.