Kelele, Mwanga na Joto katika Wadi za Wagonjwa

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa, akiisha kuuvuka Mto Athi, hukikuta kilima cha mawe cha Lukenya, na chini yake tambarare kavu ya nyasi na migunga. Mchana jua ni kali na vumbi ni jingi. Usiku, hasa katika miezi ya Juni na Julai, baridi huingia hata mifupani, na malori ya barabara kuu hayanyamazi mpaka asubuhi. Mtu mwenye afya huyazoea hayo. Je, mgonjwa aliyelazwa katika nyumba ya mabati mahali kama hapo huyaonaje?

Watu wengi hudhani kuwa hospitali ni dawa na daktari tu, na kwamba kelele, mwanga, joto na harufu ni mambo ambayo mgonjwa hana budi kuyavumilia. Dhana hiyo si sahihi. Mtu akishtuliwa na kishindo, au akikaa katika hofu, tezi za mwili wake humwaga homoni katika damu. Moyo huenda mbio, mishipa hukazana, na usingizi hutoroka. Hayo yamfaa mtu anayemkimbia chui. Hayamfai mtu aliyepasuliwa jana, ambaye nguvu zake zote zahitajiwa kuponya kidonda.

Mfano ulio wazi ni kupima shinikizo la damu. Mama mzee ametoka nyumbani alfajiri, ametembea kwa miguu, amesukumana katika foleni, na jina lake limeitwa kwa ukali. Mara aketipo, mkono wake hufungwa kitambaa cha kupimia, na kipimo huonyesha namba kubwa. Asipoangaliwa vema, huenda akaandikiwa dawa za kumeza maisha yake yote, na kumbe hazihitaji. Kwa sababu hiyo kanuni ya upimaji yaagiza kwamba mtu aketi kwa utulivu dakika 5, mgongo umeegemezwa, miguu imekanyaga sakafu, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, wala asizungumze wala asizungumzishwe; na kipimo kikiwa juu, aghalabu hurudiwa siku nyingine. Kiti kimoja kilichowekwa penye kivuli na ukimya, mbali na mlango, chaweza kumwepusha mama huyo na gharama ya miaka mingi.

Jambo hili si geni. Florence Nightingale, Mwingereza aliyewauguza askari katika Vita vya Crimea, alitoa kitabu chake cha uuguzi mwaka 1859, na humo aliitengea kelele sura nzima. Aliona kwamba inayomdhuru mgonjwa zaidi aghalabu si sauti kubwa, bali ile inayomfanya atege sikio, kama mnong'ono wa daktari na jamaa penye mlango. Mgonjwa husikia nusu ya habari, na nusu iliyobaki huijaza mwenyewe kwa hofu yake. Yeyote aliyepata kulazwa aijua adhabu hiyo. Dawa yake haina bei: ama wazungumze mbele yake kwa sauti ya kawaida, ama waende mbali kabisa asikoweza kuwasikia.

Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba sauti katika wadi isizidi desibeli 30, yaani kadiri ya ukimya wa chumba cha kulala shambani usiku. Zahanati iliyo kando ya barabara kuu haiwezi kufikia kiasi hicho kwa kubandika tangazo la kunyamaza. Hata hivyo, kelele nyingi hutoka ndani. Magurudumu ya toroli hulia kwa kukosa mafuta, mlango hubamizwa, kifuniko cha pipa la takataka huanguka sakafuni saa nane za usiku. Mafuta kidogo na kipande cha mpira mlangoni hutosha kuyaponya mengi ya hayo. Juu ya vitanda, dari ya mbao chini ya mabati hupunguza ngurumo ya mvua, na mchana huzuia joto.

Mwaka 1933 ilimalizika kujengwa hospitali ya kifua kikuu ya Paimio, katika nchi ya Finland. Mchoraji wake, Alvar Aalto, alifikiri kwanza juu ya mtu aliyelala chali. Basi taa iliwekwa isimchome machoni, dari ikapakwa rangi ya kupumzisha macho, na hata beseni la kunawia likaundwa ili maji yasipige kelele na kumwamsha mgonjwa wa kitanda cha pili. Karibu zaidi na kwetu ipo hospitali ya Butaro, wilaya ya Burera nchini Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2011. Huko vitanda vimepangwa kuelekea madirishani, ili mgonjwa atazame vilima badala ya kutazamana na mgonjwa mwenziwe, na hewa hupita juu kwa wingi. Kuta zimejengwa kwa mawe ya volkano ya nchi ile ile, kwa mikono ya waashi wa hapo.

Dirisha lina maana kubwa kuliko linavyodhaniwa. Mwaka 1984 Roger Ulrich wa Marekani alitangaza habari za wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo. Nusu yao waliona miti dirishani, na nusu waliona ukuta wa matofali. Walioona miti walitoka hospitalini mapema kidogo, na waliomba dawa kali za maumivu kwa uchache. Idadi hiyo ni ndogo, wala si busara kuijengea hekaya. Lakini hakuna hasara katika kugeuza kitanda.

Karibu na Ikweta jua hupiga zaidi kuta za mashariki na magharibi. Kwa hiyo wadi mpya katika tambarare ya Lukenya yafaa kuwekwa madirisha upande wa kaskazini na wa kusini. Chumba cha kuzalia, kwa upande mwingine, chataka joto lisilopungua digrii 25, kwa maana mtoto mchanga hupoa upesi. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika Kenya watoto 82 katika kila 100 huzaliwa katika vituo vya afya. Miongoni mwa akina mama wa wale 18 wamo walio mbali na wasio na nauli. Wamo pia waliowahi kulazwa juu ya kitanda cha chuma chenye baridi, bila pazia, mbele ya watu. Mama wa namna hiyo akipokewa kwa blanketi na pazia, na mama mzee akiitwa "Mwaitu" badala ya namba ya kitanda, hurudi tena. Mtoto mwenye usonji, ambaye kelele za foleni humtesa kama kipigo, yafaa atangulizwe, na wazazi wengine waelezwe sababu.

Mahali ambapo ukuta wa magharibi umekwisha kujengwa, kivuli hupatikana kwa miti, na mwarubaini hustahimili ukavu wa Ukambani. Mashimo na yachimbwe mwezi wa Oktoba, ili miche ipandwe mara mvua za Novemba zianzapo.