SOMO: KOMPYUTA NA GHARAMA ZA MATIBABU

Kusudi la somo hili ni kueleza jinsi kompyuta isaidiavyo utunzaji wa wagonjwa na udhibiti wa gharama, na mahali ambapo msaada wake hukoma.

Katibu aandikaye uzito wa zao lile lile katika stakabadhi, daftari la mapokezi na leja ya mkulima ajua jinsi marudio yanavyokula muda na kuzaa makosa. Hali kama hiyo ilikuwako katika Kituo cha Afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, nchini Kenya, ambako mgonjwa mmoja aliandikwa katika vitabu kadhaa.

Mwezi Februari 2001 kituo hicho kilianza kutumia kompyuta, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Habari za mgonjwa ziliandikwa katika fomu moja tu, kisha zikaingizwa katika mashine. Umeme wa akiba uliandaliwa ili kazi isisimame. Kwa miezi sita yaliingizwa mahudhurio 10,000 ya wagonjwa 6,190.

Faida zake ni hizi:

1. Muda. Uchunguzi ulionyesha kuwa muda wa mgonjwa kituoni ulipungua kwa asilimia 22.

2. Ukumbusho. Katika kliniki ya watoto wenye virusi vya UKIMWI mjini Eldoret, kompyuta ilichapa orodha ya vipimo na huduma zilizochelewa. Taarifa iliyotolewa mwaka 2013 ilieleza kwamba wahudumu waliopewa ukumbusho huo walitimiza asilimia 68 ya kazi zilizochelewa. Wasiopewa walitimiza asilimia 18.

3. Gharama. Historia ya mgonjwa ikiwa mahali pamoja, ni rahisi kuepuka kurudia kipimo bila sababu, na dawa huweza kuagizwa kwa kadiri ya matumizi. Aidha, ugonjwa ugunduliwao mapema kwa kawaida hautumii fedha nyingi kama ule uliokwisha kukomaa.

Hata hivyo, uchunguzi wa Mosoriot ulifichua jambo la kuzingatiwa. Muda wa mgonjwa mbele ya wahudumu ulipungua kwa asilimia 58, nao wafanyakazi wakapata nafasi zaidi ya shughuli zao binafsi. Mashine huokoa saa. Matumizi ya saa hizo huamuliwa na wasimamizi. Muda uliookolewa usiporudishwa kwa mgonjwa, mwanachama atakuwa amelipia mashine bila kuongezewa huduma.

Kwa hiyo, chama kiombwacho kuchangia mitambo ya zahanati hakina budi kuuliza kwanza: nani ataingiza habari, nani atazihakiki, nani atatunza siri za wagonjwa, na taarifa itasomwa lini mbele ya kamati.

Maswali ya kujadiliwa:
(a) Ni vitabu vingapi chamani mwenu vinavyorudia habari ile ile?
(b) Muda ukiokolewa, utatumika kwa kazi gani, na nani atausimamia?