SOMO: MTUMISHI AENDE NA JEMBE LAKE

Someni kwanza pamoja: Luka 10:1–9; Matendo 18:1–4; 2 Wathesalonike 3:7–9.



Wazee walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii huwa tunaitaja tukicheka. Lakini sisi tuliotoka hapa Eldoret mwaka jana kwenda safari ya misheni, ilitufundisha kwa uchungu.

Tulikuwa watu wanane. Tulipanda basi mpaka Malaba, tukavuka mpaka, tukaingia mashambani upande wa Uganda. Tulibeba Biblia, nyimbo na somo moja la ukulima: jinsi ya kuchagua na kuhifadhi mbegu. Wenyeji walitupokea kwa vigelegele. Tulikula mchana na jioni, tukashiba, tukamshukuru Mungu.

Siku ya tatu mama mmoja wa kikundi chetu aliingia jikoni kusaidia. Akaangalia juu ya meko, pale ambapo mahindi ya mbegu hutundikwa ili moshi uyakinge na wadudu. Kamba zilikuwa tupu. Akauliza mahindi yako wapi. Mwenye nyumba akacheka kidogo, akasema, "Dada, si ndiyo hayo mnakula?"

Tulikuwa tumekuja kufundisha kutunza mbegu, na kumbe tulikuwa tunaila mbegu yao.

Usiku ule hakuna aliyetaka kuhubiri. Ndipo mzee mmoja kati yetu akatukumbusha habari za Apolo Kivebulaya.

APOLO ALIFANYA NINI?

Apolo alikuwa Muganda, akabatizwa mwaka wa 1895. Mwaka uliofuata alitumwa Mboga, ng'ambo ya milima ya Ruwenzori na mto Semliki. Leo mahali hapo ni Kongo ya mashariki, katika Ituri. Mbele yake walikuwa wametangulia walimu wawili, Waganda kama yeye. Watu wa Mboga hawakuwapa chakula, nao njaa ikawarudisha.

Apolo alipojua hayo alinunua jembe, ili akifika alime chakula chake mwenyewe. Hakungoja kwanza apendwe ndipo aanze kazi.

Na hakupendwa upesi. Dada wa mtawala, Tabaro, alikufa kwa ajali ya mkuki, na lawama ikamwangukia Apolo. Alishikwa, akapelekwa Toro, akafungwa. Alipoachiliwa angeweza kurudi kwao Buganda na hakuna mtu angemlaumu. Yeye alirudi Mboga, kwa watu walewale. Baadaye Tabaro mwenyewe alibatizwa.

Kuanzia mwaka wa 1921 Apolo aliwafuata Wambuti ndani ya msitu, watu ambao majirani zao wengi waliwadharau. Alikufa Mboga mwaka wa 1933. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, si upande wa nyumbani kwao, kwa maana kazi ilikuwa bado iko mbele. Kanisa la Anglikana la Kongo linahesabu mwanzo wake kwake.

TUNAJIFUNZA NINI?

1. Anayekwenda kutumikia asiwe mzigo. Mtume Paulo alikuwa mshona mahema. Huko Korintho alikaa kwa Akila na Prisila, akafanya kazi pamoja nao. Aliwaambia Wathesalonike kwamba alifanya kazi usiku na mchana ili asimlemee mtu. Kesho yake asubuhi sisi tuliomba majembe. Tulilima na wenyeji mpaka saa sita, ndipo tukafundisha. Siku ile watu waliuliza maswali ambayo siku mbili za kwanza hawakuuliza. Mtu aliyeinama shambani pamoja nawe si rahisi kumwogopa.

2. Kubeba jembe si kukataa chakula cha mwenyeji. Hapa tuwe waangalifu. Bwana Yesu aliwaambia wale sabini wale kile watakachowekewa. Mama yule angeumia sana kama tungesukuma sahani yake kando. Yeye alitoa kwa upendo. Kosa letu halikuwa kula. Kosa ni kwamba hatukuuliza kabla ya kusafiri, wala hatukuingia jikoni mpaka siku ya tatu. Tungebeba unga wetu, tungekula meza moja bila mtu kupata hasara.

3. Kosa likitokea, lirekebishwe, si kuombewa tu. Tuliomba msamaha, tukachanga pesa, tukanunua mbegu sokoni, tukampa kabla ya kuondoka. Lakini tuseme ukweli: mbegu ile ya kwanza aliichagua mwenyewe, mhindi kwa mhindi, na ilizoea udongo wake. Ile hatukuweza kuirudisha. Kuna hasara nyingine ambayo pesa haifuti. Tunaibeba kwa unyenyekevu, nayo hutufanya tuwe waangalifu zaidi.

NA SISI TUNAOPOKEA WAGENI?

Vikundi vyetu vingi hapa vimepokea wageni, wengine kutoka makanisa ya jirani, wengine kutoka Ulaya na Marekani. Tukisikia wanakuja, kuku wanachinjwa, na pengine pesa za mzunguko zinatumika kununua soda. Halafu mgeni anauliza, "Mnahitaji nini?" na sisi tunajibu kile tunachodhani anataka kusikia.

Ndugu zangu, huo si ukarimu kamili. Mkaribisheni mgeni kwa kile mlicho nacho, kisha mwambieni ukweli. Kama mbegu ni kidogo, aambiwe. Akitaka kusaidia, mpeni jembe, ashike mpini pamoja nanyi. Mgeni mwenye nia njema atafurahi. Sisi tulifurahi, ijapokuwa viganja vilitoka malengelenge.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Je, kikundi chetu kimewahi kutumia kitu cha muhimu, kama mbegu au akiba, kwa ajili ya heshima tu? Matokeo yalikuwa nini?

2. Kwa nini mama yule hakutuambia mapema? Sisi tungekuwa yeye, tungesema?

3. Tukienda kutembelea kikundi kingine, "jembe" letu litakuwa nini: unga, nauli yetu wenyewe, au kazi ya mikono?

KAZI YA MWEZI HUU: Kabla ya mgeni wenu anayefuata, kaeni chini mwandike mambo mawili: kile mnachoweza kutoa bila kuumia, na kazi ambayo mgeni atafanya pamoja nanyi.

Wenyeji wetu wa Uganda tumewaalika waje kwetu wakati wa mavuno. Wamekubali. Wametuma neno kwamba watakuja na majembe yao.