Kufundisha Utatuzi wa Matatizo katika Masomo Yote

Tunapowatembelea wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, mara nyingi twaona swali likiulizwa na mwalimu, kisha likijibiwa na mwalimu huyo huyo. Mtoto hunakili tu. Mtaalamu wa hisabati George Polya, katika kitabu chake cha mwaka 1945, alieleza hatua nne: kulielewa tatizo, kupanga njia, kuifuata njia hiyo, na kuyachunguza matokeo. Hatua hizo si za hisabati peke yake.

Tuchukue mfano. Tuwape wanafunzi kamba ya mita 24 wazungushie tuta la mchicha lenye pembe mraba nne. Ni vipimo vipi vitatoa eneo kubwa kabisa? Wenye mita 10 kwa 2 watapata mita za mraba 20. Wenye 8 kwa 4, 32. Wenye 6 kwa 6, 36. Lakini katika somo la kilimo watauliza: nani atapalilia katikati bila kuikanyaga miche? Katika Kiswahili wataandika taarifa ya kuutetea uamuzi wao.

Basi tuzuie ndimi zetu. Jibu tunalompa mtoto humfaa leo. Njia aliyoitafuta mwenyewe itamfaa atakapokuwa hana mwalimu.