Mshtuko wa Moyo kwa Wanaume na kwa Wanawake

Mwili wa mwanamume na mwili wa mwanamke haifanani katika mambo yote. Naye ampimaye mmoja kwa kipimo cha mwenziwe huenda akakosea. Jambo hili laonekana wazi katika mshtuko wa moyo.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Moyo hulishwa kwa damu ipitayo katika mishipa yake. Mshipa mmoja ukizibwa, sehemu ile ya moyo hukosa damu, ikaanza kufa. Ndipo kitu kiitwacho troponini, kilichomo katika nyama ya moyo, kinapovujia damuni. Matabibu hukitafuta humo ili waujue ugonjwa.

Lakini wanawake wenye afya wana troponini kidogo kuliko wanaume. Hata hivyo kwa miaka mingi wote walipimwa kwa kiasi kimoja. Mwaka 2015 matabibu wa Edinburgh, katika nchi ya Uskoti, walitangaza habari za wagonjwa 1126 waliodhaniwa kuwa na mshtuko wa moyo. Walitumia kipimo kipya kionacho hata kiasi kidogo sana, wakaweka mpaka wa nanogramu 34 katika lita moja kwa wanaume, na 16 kwa wanawake. Basi wanawake walioonekana kuwa na ugonjwa walizidi kutoka 11 hata 22 katika kila 100. Wanaume kutoka 19 hata 21 tu. Yaani kwa kipimo cha kwanza, nusu ya wanawake wale wasingalijulikana.

Je, na dalili? Maumivu ya kifua ndiyo dalili kuu kwa wote. Walakini mwanamke mara nyingi huwa na nyingine pamoja nayo: kichefuchefu, kukosa pumzi, uchovu mwingi, maumivu ya mgongo au ya taya. Kwa hiyo husema, "Ni tumbo tu," au, "Ni kazi nyingi," akakaa nyumbani, na jamaa zake wakasadiki. Kumbe, kwa kila saa ipitayo, nyama ya moyo yazidi kufa.

Tena kujua peke yake hakutoshi. Uchunguzi mwingine wa Uskoti, uliotangazwa mwaka 2019, ulionyesha ya kuwa wanawake waliotambuliwa walipata matibabu kama nusu tu ya yale ya wanaume. Kipimo kilikuwa kimesahihishwa, lakini desturi ilikuwa haijabadilika.

Basi ninyi mnaozuru wagonjwa, mkimkuta mama mwenye dalili hizi, msimwambie apumzike. Mpelekeni hospitali upesi, mkaeleze dalili zote, mkaulize: Je, moyo wake umepimwa, tena kwa kipimo cha mwanamke?