Mtoto anapoidai mirathi ya mzazi wake

Kwenye misiba yetu, kabla watu hawajatawanyika makaburini, msemaji wa familia husimama na kutangaza: anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa na marehemu naye ajitokeze. Fundi aliyeezeka nyumba atakwenda. Mwenye duka lililokuwa likimkopesha mzee unga na sukari atakwenda, wala hakuna atakayemshangaa. Lakini akijitokeza binti wa marehemu, minong'ono inaanza. "Unamdai baba yako? Aliyekusomesha?"

Tuchukue mfano wa mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanzania. Alichukua mkopo benki, shilingi milioni 8, unaokatwa kwenye mshahara wake. Fedha zote akampa baba yake amalizie vyumba vya kupangisha nyuma ya nyumba, wakakubaliana kwamba baba atarudisha kidogo kidogo kutokana na kodi. Baba akawa anamtumia 150,000 kila mwezi kwa simu, mpaka alipougua. Katika ugonjwa ule binti alinunua dawa, akalipa nauli za kliniki, akalala wodini siku nyingi. Sasa mzee hayupo. Kodi inaingia kwa kaka mkubwa, na makato ya benki hayajasimama.

Je, akidai anamkosea marehemu? Kwa ule mkopo, hamkosei hata kidogo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, katika Jedwali la Tano, inampa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kazi zake kwa mpangilio: akusanye mali na madeni aliyokuwa akidai marehemu, alipe madeni aliyoyaacha pamoja na gharama za usimamizi, ndipo agawe kinachobaki. Kwa Waislamu mpangilio unafanana: maziko, madeni, wasia usiozidi theluthi, kisha mafungu ya warithi. Kwa hiyo binti huyu hamnyang'anyi ndugu yake kitu. Fungu la kaka linahesabiwa baada ya deni kutoka. Wanaogawana kodi huku dada yao akikatwa mshahara ndio wanaokula kisicho chao, na inanisikitisha kwamba aibu yote huangukia kwa anayedai.

Wengi pia hudhani kwamba kufungua madai ni kumshitaki mama au wadogo zako. Anayeshitakiwa ni msimamizi wa mirathi, kwa nafasi yake ya usimamizi, na kinachodaiwa ni mali aliyoiacha marehemu.

Dawa, nauli na kule kulala wodini ni habari nyingine. Hapa namshauri binti asidai, hata kama ana risiti zote. Alipokuwa akinunua dawa, yeye na baba yake hawakuwa wanakopeshana, na wote wawili walilijua hilo. Sheria inamtaka anayedai athibitishe makubaliano, na huduma ya mtoto kwa mzazi mgonjwa, bila neno la kulipana, haiwi mkataba kwa sababu tu mzazi amefariki. Liko pia jambo zito kuliko ushahidi: marehemu hawezi kujibu. Hawezi kusema, "Lakini mwanangu, zile ulinipa." Kwa hiyo kabla hujaandika madai yako, pitia kila shilingi na ujiulize: baba angekuwa amekaa hapa mbele yangu, ningemtajia hii kuwa ni deni, naye angekubali? Ambayo ungeona haya kuitaja akiwa hai, usiitaje akiwa kaburini.

Wapo wanaokwenda mahakamani wakiwa na kidonda cha zamani: baba hakunisomesha, baba alimpendelea mtoto wa mke mdogo. Ni maumivu ya kweli, lakini hayageuki deni. Kama wewe ni mrithi, dai fungu lako kwa msimamizi. Hayo ni madai ya urithi, na yana njia yake.

Kenya, sheria imefungua mlango mwingine. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kinamruhusu mtegemezi ambaye hakuachiwa cha kutosha kuomba mahakama imtengee sehemu ya mali, na mtoto wa marehemu anahesabika kuwa mtegemezi hata kama mzazi hakuwa akimtunza. Kifungu hicho hakihusu mirathi ya Waislamu. Ombi lazima lifike kabla hati ya usimamizi haijathibitishwa, na kwa kawaida uthibitisho huombwa miezi 6 ikishapita tangu hati itolewe, kwa hiyo usingoje mpaka mambo yatulie. Ninachokipenda zaidi ni kifungu cha 28: hakimu anatakiwa kuangalia, pamoja na mengine, mwenendo wa mwombaji kwa marehemu, na alichowahi kupewa mzazi akiwa hai. Aliyepewa shamba akalificha kwenye maelezo yake ajiandae kuulizwa.

Turudi kwa mwalimu wetu. Achukue taarifa ya mkopo kutoka benki, na taarifa ya miamala ya simu inayoonyesha zile 150,000. Malipo hayo yana uzito wa pekee, kwa sababu yanaonyesha baba mwenyewe alilitambua deni. Tena, kwa madai ya mkataba Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka 6, na malipo ya sehemu ya deni huanzisha hesabu upya. Deni alitaje kwenye kikao cha ukoo na ahakikishe limeingia kwenye muhtasari. Msimamizi akishateuliwa, amwandikie barua yenye vielelezo, abaki na nakala iliyosainiwa kupokelewa. Msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo ana miezi minne ya kupeleka mahakamani fomu namba 5, yenye mali na madeni yote. Deni lisipoonekana humo, arudi kwa hakimu yuleyule wa mirathi. Likikataliwa kabisa, afungue shauri la madai. Na kama ndugu hawataki hata kumpendekeza msimamizi, mwenye maslahi katika mirathi anaweza kuomba mahakama imteue.

Jambo moja asilikubali: yeye mwenyewe kuwa msimamizi. Mtu anayejilipa deni lake kwa mkono wake, hata akiwa mkweli, hawezi kulala bila kushukiwa na ndugu zake.

Mama bado anaishi kwenye ile nyumba. Binti hana sababu ya kudai iuzwe. Wanaweza kuandikiana kwamba atalipwa kwa kodi ya vyumba viwili mpaka deni liishe, na vyumba vilivyobaki vimtunze mama, kisha msimamizi ayapeleke makubaliano hayo mahakamani yaingie kwenye jalada la mirathi. Asiye na fedha za wakili aulize ofisi ya kata alipo msaidizi wa kisheria. Kazi yao inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na barua ya kwanza kwa msimamizi wanaweza kumsaidia kuiandika.