Vidokezo 8 kwa kijana wa Ulyankulu anayekwenda kuomba mkopo benki

Una miaka 22, banda lako la vipuri vya pikipiki linaingiza pesa kila siku, lakini ukikaa mbele ya afisa mikopo unaulizwa, “Dogo, umetumwa na nani?” Inauma, na si haki. Mtemi Mirambo naye alitawala huku Unyamwezi tangu ujanani. Mwaka 1871 alifunga njia ya misafara ya kwenda Ujiji, na Waarabu wa Tabora walidhani vita vya kumwondoa vingekuwa vya siku chache tu. Haikuwa hivyo. Wewe silaha yako ni maandishi: benki haikujui, basi ipelekee karatasi zinazojieleza.

1. Majina yafanane. Jina la kwenye kitambulisho cha NIDA liwe sawa, herufi kwa herufi, na la laini ya simu, TIN na akaunti ya benki. Kwetu hili ni zito. Familia nyingi zilizokimbilia hapa kutoka Burundi mwaka 1972 zilipata vyeti vya uraia mwaka 2014, na ni rahisi jina la mtu mmoja kuandikwa kwa namna mbili. Rekebisha kabla hujaomba.

2. Pitisha mauzo kwenye akaunti. Pesa inayolala kwenye kibubu haina shahidi. Weka kidogo kidogo kwa wakala, hata 10,000 kwa siku. Baada ya miezi kadhaa, taarifa ya akaunti itakusemea kuliko mdhamini mwenye maneno mengi.

3. Andika daftari kila jioni. Safu tano zinatosha: tarehe, mauzo, manunuzi, matumizi, salio. Umeuza tairi moja na tyubu mbili, andika. Umemlipa bodaboda 2,000 kukuletea mzigo, andika. Umechota 5,000 ya mboga ya nyumbani, hiyo nayo andika, tena peke yake, ili faida ya biashara isichanganyike na chakula cha familia. Afisa akiuliza faida ya mwezi uliopita, mfungulie ukurasa.

4. Omba marejesho yanayofuata msimu. Hapa mzunguko wa pesa unategemea shamba. Wakati wa kupanda, wateja wako wana mbolea akilini na mifuko mitupu. Tumbaku ikishatoka kwenye mabani na kulipwa kupitia AMCOS, soko linachangamka. Mweleze afisa ni miezi ipi unauza sana na ipi kunapwaya, umwombe apange marejesho kwa kufuata hali hiyo. Kijana anayeijua biashara yake mwezi kwa mwezi haitwi dogo mara mbili.

5. Uliza riba inahesabiwaje. Tuseme umekopa 2,000,000 kwa miezi 12, riba asilimia 18 kwa mwaka. Ikihesabiwa juu ya mkopo wote hadi mwisho, utalipa riba ya 360,000. Ikihesabiwa juu ya deni linalobaki kila mwezi, utalipa kama 200,000. Asilimia ni ileile, lakini 160,000 nzima imekutoka. Uliza pia ada ya maombi na bima, kisha dai jumla yote kwa maandishi kabla hujasaini.

6. Dhamana si nyumba ya baba peke yake. Uliza kama benki inapokea mashine, pikipiki au hati ya hakimiliki ya kimila. Kama mradi wako ni wa kilimo au ufugaji nyuki, ulizia udhamini wa PASS Trust. Na usiisahau halmashauri: sheria inaitaka itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hizo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Tafuta wenzako mnaoaminiana, mwende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

7. Linda jina lako. Deni la simu ulilolipuuza linaweza kuonekana kwenye kumbukumbu za mikopo siku unayoomba mkopo mkubwa. Na ukikataliwa benki, usikimbilie mikopo ya kausha damu kwa hasira. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mkopeshaji anatakiwa kuwa na leseni. Akishindwa kukuonyesha, aga uondoke.

8. Ukikataliwa, uliza sababu. Kwa heshima kabisa: “Shikamoo dada, naomba kujua ni nini kimepungua, na nirudi lini?” Jibu likiwa ni mauzo madogo au karatasi fulani, umepata kazi ya kufanya. Jibu likiwa “wewe bado mdogo,” huku umetimiza miaka 18 na vigezo vyote unavyo, usikubali liishie hapo. Omba kumwona meneja wa tawi, andika malalamiko na ubaki na nakala. Benki isipokutatulia, yapeleke Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina dawati la malalamiko ya wateja wa benki. Kulalamika huko si utovu wa adabu; ni haki ya mteja wa umri wowote.